Maswali ya Wasomaji: Ngome Iliyoshuka f2

Katika toleo lililopita tulisimulia mchezo wa 14 wa pambano la ubingwa wa dunia wa sataranji, uliochezwa tarehe 12 Desemba 2024 katika kisiwa cha Sentosa, Singapore, kati ya bingwa mtetezi Ding Liren wa China na Gukesh Dommaraju wa India, kijana aliyekuwa na umri wa miaka 18. Walifika katika mchezo huo wa mwisho wakiwa na pointi 6.5 kila mmoja. Ding, aliyecheza na kete nyeupe, alikubali kushindwa baada ya hatua ya 58, na Gukesh akawa bingwa wa dunia mwenye umri mdogo kuliko wote waliomtangulia, akivunja rekodi ya Garry Kasparov aliyetwaa taji mwaka 1985 akiwa na miaka 22. Barua zilizotufikia ni nyingi, na karibu zote zinauliza juu ya hatua moja tu, ile ya 55, Ding alipoishusha ngome yake hadi mraba wa f2 (herufi hutaja safu ya ubao, namba hutaja mstari wake). Tumechagua tano.

Assalaam aleikum, Bwana Mhariri. Mimi na wenzangu hucheza sataranji kila Ijumaa jioni hapa Ruwi, Muscat. Tuliupanga mchezo huo ubaoni hatua kwa hatua, na tulipofika mahali Ding alipoipeleka ngome f2, mwenzetu mmoja alicheka akasema hata mtoto wake asingefanya hivyo. Je, kweli lilikuwa kosa la kitoto?
*Msomaji, Muscat*

Waaleikum salaam. Mwambie mwenzako aupange tena ubao, lakini safari hii asimame kwenye hatua ya 53 badala ya ile ya 55, kwa sababu kwa maoni yangu jibu la swali lako limejificha hapo.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Kwenye hatua ya 29 Ding alimtoa askari wake wa b4 kwa hiari, malkia wakabadilishwa, kisha jozi moja ya ngome ikabadilishwa, na kila upande ukabakiwa na mfalme, ngome na askofu; Gukesh akiwa na askari watatu na Ding wawili, wote upande mmoja wa ubao. Wachezaji wa kiwango chao huhesabu hali ya namna hiyo kuwa sare, mradi anayejilinda awe na uvumilivu. Kabla ya hatua ya 55 askari walikuwa wamepungua zaidi. Nyeupe alikuwa na mfalme g1, ngome f4, askofu a8 na askari mmoja g3, ilhali nyeusi alikuwa na mfalme e5, ngome b2, askofu e6 na askari wawili, f5 na g4. Bado ilikuwa sare. Ding angeisogeza ngome yake kwenye mstari ule ule wa nne, kwa mfano a4, na kuendelea kungoja, na sioni njia ambayo Gukesh angeweza kupenya.

Badala yake aliishusha ngome f2 ili ibadilishwe na ile ya b2. Ukitazama haraka, hatua hiyo ina mantiki, kwani anayetafuta sare hupenda kete zipungue ubaoni, na ngome mbili zikiondoka mpinzani hana tena cha kutishia. Gukesh akaila ngome, mfalme mweupe akaila ya kwake, kisha askofu mweusi akasogea d5 akilindwa na mfalme wake. Hapo ndipo utamwona vizuri askofu mweupe kule a8. Askofu aliye kwenye pembe ana ulalo mmoja tu, na ulalo ule sasa umezibwa na askofu mwenzake. Akisogea b7 au c6 analiwa. Akibaki pale pale analiwa. Kilichosalia ni kubadilishana. Maaskofu wanaondoka, na wanaobaki ni wafalme na askari, ambapo askari mmoja wa ziada anaamua kila kitu.

Sasa rudi kwenye hatua ya 53, alipompeleka askofu huyo a8. Kama angekuwa amesimama b7, angeweza kukwepa kwenda a6 au c8, na ngome kushuka f2 kusingekuwa maafa yale. Hatua ya 53 yenyewe haikuharibu kitu, lakini iliandaa shimo ambalo baada ya hatua mbili mwenyewe alitumbukia. Ndiyo maana sikubali kuliita kosa la kitoto. Mtoto hukosea kwa kuacha kete iliwe bure, lakini Ding hakuacha kete yoyote iliwe papo hapo bure. Alihesabu kubadilishana kwa ngome, akasahau kwamba kubadilishana huko kungezaa kubadilishana kwingine asikokutaka.

Kuna jambo jingine ambalo wenzako huenda hawalijui. Baada ya mchezo Gukesh mwenyewe alieleza kwamba hakuliona kosa papo hapo. Alikuwa karibu kuipeleka ngome yake b3, ndipo akagundua kwamba askofu wa a8 amenaswa. Basi watu wawili walioketi pale, mmoja bingwa wa dunia na mwingine bingwa wa dakika chache zijazo, wote kwa muda waliitazama hatua ile wasione kasoro. Sisi tunaoupanga mchezo siku ya pili tukiwa tumekwisha kuambiwa kosa liko wapi, hatuna budi kucheka kwa kiasi.

Muda nao ulichangia. Kila mmoja alipewa dakika 120 kwa hatua 40 za kwanza, kisha dakika 30 kwa hatua zilizobaki, na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua kuanzia ya 41. Ding ndiye aliyekuwa na muda mchache zaidi, na mtu aliyejilinda kwa saa nyingi huanza kutamani njia fupi ya kumaliza.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na kaka yangu ndiye aliyenifundisha mchezo huu. Sielewi kwa nini Ding alijisalimisha. Mwishoni kulikuwa na wafalme wawili na askari watatu tu, na mfalme wake alikuwa karibu kabisa na askari hao. Kwa nini asingeendelea?
*Msomaji, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Panga ubao hivi: mfalme mweupe e3 na askari wake g3, mfalme mweusi e5 na askari wake f5 na g4. Zamu ni ya nyeupe. Ona kwanza kwamba askari wa g3 hawezi kusogea, kwa kuwa askari mweusi wa g4 amemkalia mbele, na pia hana wa kumla. Kwa hiyo nyeupe analazimika kumsogeza mfalme, atake asitake, na hilo ndilo linalomwangamiza. Wafalme wanapotazamana huku mraba mmoja ukiwa katikati yao, mwenye zamu ndiye anayempisha mwenzake njia.

Akimpeleka mfalme d3, nyeusi anamsukuma askari f4. Nyeupe akimla, mfalme mweusi naye anamla aliyekula na kukaa f4. Mfalme mweupe akikimbilia e2, mweusi anaingia g3. Akija f1, mweusi anateremka h2, na askari wa g4 hana tena wa kumzuia mpaka awe malkia. Akirudi f2 badala ya d3, nyeusi hana haja ya kurupuka, bali anazunguka kupitia d4. Mfalme mweupe akija e2, mweusi anakaa e4 na kutazamana naye upya, zamu ikiwa ya nyeupe kwa mara nyingine. Akienda d2, mweusi anaingia f3 na askari wa g3 anaanguka. Akirudi f2, mweusi anapita d3, kisha anamsukuma hatua kwa hatua hadi pembeni, na askari ni yule yule anayeanguka.

Ding aliyaona yote hayo kichwani kabla hata mfalme mweusi hajatua e5, na alijua kwamba Gukesh naye ameyaona. Kujisalimisha mapema katika hali kama hiyo ni desturi ya wachezaji wakubwa. Wewe, hata hivyo, usiifuate desturi hiyo bado. Mpinzani wako wa kidato cha tatu huenda asiijue njia ya d4, na ni halali yako kumtaka akuonyeshe. Jioni ya leo mketishe kaka yako upande wa nyeupe, nawe uchukue nyeusi. Kisha mbadilishane, muone ni nani atakayeshindwa kupata ushindi.

Mheshimiwa Mhariri, hapa kwetu kuna wanaosema waziwazi kwamba mchezo ule uliuzwa. Bingwa wa dunia hawezi kuinasa kete yake mwenyewe katika mchezo wa mwisho wa pambano lenye zawadi ya dola milioni 2.5. Mnasemaje?
*Msomaji, Bukoba*

Msomaji wetu, tuhuma hiyo haikuanzia Bukoba. Andrey Filatov, kiongozi wa shirikisho la sataranji la Urusi, aliitoa hadharani mara tu baada ya pambano na kutaka uchunguzi ufanyike. Rais wa FIDE, yaani shirikisho la sataranji la dunia, Arkady Dvorkovich, aliikataa, akieleza kwamba michezo yote hujengwa juu ya makosa na kwamba bila makosa hata mpira wa miguu usingekuwa na mabao.

Mimi naitazama tuhuma hiyo kwa jicho la mchezaji, na naona haina miguu. Anayetaka kuuza mchezo ana nafasi nyingi za kufanya hivyo bila kuonekana: angecheza ufunguzi mbovu, au angepoteza muda hadi saa imwishie. Asingejilinda kwa hatua ishirini na zaidi katika hali ngumu, akazipata hatua sahihi moja baada ya nyingine, halafu achague njia ambayo mpinzani mwenyewe nusura aipite bila kuiona. Tena Ding alikuwa na kila sababu ya kuitaka sare. Siku iliyofuata wangecheza michezo ya haraka ya kuvunja usawa, na ni kwa michezo ya aina hiyo hiyo alikuwa amemshinda Ian Nepomniachtchi na kutwaa taji mjini Astana mwaka 2023. Kwa maoni yangu, tamaa ya kuifikia salama siku ya pili ndiyo iliyomsukuma kuzibadilisha ngome zile.

Kama kuna la kumlaumu, mimi ningemlaumu kwa hatua ya 29, si ya 55. Alikuwa na kete nyeupe, na hali yake haikuwa mbaya hata kidogo, lakini alimtoa askari ili apate mwisho anaoamini ni sare. Alinunua usalama kwa bei ya kujilinda kwa hatua nyingine ishirini na tisa. Wapo watakaopinga, kwa kuwa hesabu inaonyesha kwamba hali ilibaki sare, na hesabu hiyo ni sahihi. Lakini aliyeketi kwenye kiti kile alikuwa mtu, tena aliyekuwa amecheza michezo kumi na mitatu migumu ndani ya wiki tatu.

Ndugu Mhariri, katika mashindano ya klabu yetu hapa Dar es Salaam nilikuwa katika hali ya sare iliyo wazi kabisa. Nilimwomba mpinzani sare mara tatu, akakataa mara zote, akaendelea kunisumbua mpaka nikakosea na kupoteza. Je, huo ni uungwana? Na mbona hata Gukesh naye hakumwachia Ding?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Pole kwa kupoteza, ndugu yangu, ila hapa mpinzani wako hana kosa. Sare ya makubaliano inahitaji watu wawili, na mmoja akiwa na askari wa ziada ana haki ya kujaribu hadi mwisho. Gukesh alikuwa na sababu nzuri ya kutokubali: alikuwa na askari zaidi, hakuwa katika hatari yoyote ya kushindwa, na kesho yake kulikuwa na michezo ya haraka ambayo wengi waliamini ingemfaa Ding. Kila hatua aliyocheza ilikuwa swali jipya ambalo haligharimu kitu kwa anayeuliza. Ding alilijibu vyema mara nyingi, lakini ilitosha akosee mara moja.

Nitakukumbusha pia jambo ambalo huenda mwamuzi wenu alilinyamazia. Kwa kanuni za FIDE, sare huombwa baada ya kusogeza kete yako na kabla ya kubonyeza saa, na ombi la mara kwa mara bila sababu huhesabiwa kuwa ni kumsumbua mpinzani. Mara tatu katika hali ile ile, ukweli ni kwamba umekaribia mpaka. Una silaha nyingine zisizohitaji hisani ya mtu: hali ile ile ikijirudia ubaoni mara tatu, au hatua hamsini za kila upande zikipita bila kete kuliwa wala askari kusogezwa, unamwita mwamuzi na kudai sare yako. Ndiyo maana ni lazima uandike hatua zako zote, tena kwa mwandiko unaosomeka.

Bwana Mhariri, nina pointi 1500 za FIDE, zile za kupima uwezo wa mchezaji. Mwezi uliopita nilitoka sare na mchezaji wa pointi 1700, na wanaklabu wote wakanipongeza. Nilipopiga hesabu, mchezo huo ulinipa pointi 5 na kidogo tu. Mdogo wangu mwenye miaka 15, ambaye naye ana 1500, alitoka sare na mtu huyo huyo akapata zaidi ya 10. Je, nimeonewa? Na hizi pointi hupimwa vipi, ikiwa Gukesh alikuwa bingwa wa dunia na bado hakuwa wa kwanza kwenye orodha?
*Msomaji, Kisumu*

Hukuonewa, na hesabu yako ni sahihi. Mfumo huu ulibuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, na FIDE iliupokea mwaka 1970. Msingi wake ni kwamba tofauti ya pointi kati ya wachezaji wawili inatabiri sehemu ya ushindi ambayo kila mmoja anatarajiwa kuipata wakicheza mara nyingi. Tofauti ikiwa 200, mkubwa anatarajiwa kupata 0.76 ya pointi moja ya ushindi kwa kila mchezo na mdogo 0.24. Wewe ulitarajiwa 0.24, ukapata 0.5, maana yake ulizidi matarajio kwa 0.26. Mchezaji mzima kama wewe, aliyekwisha kucheza michezo 30 na ambaye hajawahi kufika 2400, huzidishiwa ziada hiyo kwa 20, na hapo ndipo inapotoka 5.2. Ungemshinda ungepata 15.2, na kama angekushinda ungepoteza 4.8 tu. Mdogo wako huzidishiwa kwa 40, kwa kuwa wachezaji wenye umri wa chini ya miaka 18 na pointi chini ya 2300 wanahesabiwa kuwa bado wanakua haraka; kwa hiyo 10.4 yake ni halali. Ila mwonye kwamba kipimo hicho hicho humshusha haraka anapoteleza.

Pambano la Singapore linatoa mfano mzuri zaidi, na nashangaa kwamba wengi hawakuuzungumzia. Gukesh aliingia akiwa na 2783 na Ding 2728, tofauti ya pointi 55. Kwa jedwali la FIDE tofauti hiyo humpa mkubwa matarajio ya 0.58 kwa mchezo, na kwa michezo 14 ni sawa na pointi 8.12. Gukesh alishinda mitatu, akapoteza miwili na kutoka sare tisa, jumla 7.5. Alipungukiwa na 0.62. Wachezaji waliowahi kufika 2400 huzidishiwa kwa 10, hivyo upungufu huo ni pointi 6. Orodha ya Januari 2025 ilipotoka, Gukesh alikuwa na 2777 na Ding 2734. Aliyetwaa taji la dunia alishuka pointi sita, na aliyelipoteza akapanda pointi sita.

Kwa hiyo usishangae kwamba bingwa si lazima awe wa kwanza kwenye orodha. Taji ni la pambano moja, na katika pambano hilo nusu pointi inatosha; orodha hupima michezo yote ya mtu dhidi ya wapinzani wa kila namna. Magnus Carlsen aliamua mwaka 2022 kwamba hatalitetea taji lake, naye ameendelea kuongoza orodha hiyo.

Hesabu zako za mwezi, kwa kukamilisha jibu, hazikamilishwi mchezo kwa mchezo. FIDE hujumlisha mabadiliko ya michezo yako yote ya kipindi husika, kisha hukadiria jumla hiyo kuwa namba kamili kabla ya kutoa orodha mpya mwanzoni mwa mwezi. Ukiona orodha ijayo imekuongezea 5 badala ya 5.2, ile 0.2 ndiyo iliyopotelea huko.